Kipindupindu cha Kagunga: Taarifa kama Sehemu ya Tiba

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini kabisa mwa ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, hatua chache kutoka mpaka wa Burundi. Nyuma yake kuna milima mikali. Mbele yake kuna ziwa. Njia ya kawaida ya kwenda Kigoma mjini ni maji, na chombo kinachoelekea kusini hupita mbele ya misitu ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Kijiji hiki kilizoea maisha ya watu wapatao elfu kumi, dagaa wanaoanikwa mchangani, na soko linalowakutanisha Watanzania na Warundi.

Mwishoni mwa Aprili 2015, machafuko ya kisiasa yaliyofuata uamuzi wa Rais Pierre Nkurunziza kuwania muhula wa tatu yaliwasukuma maelfu ya Warundi kuvuka mpaka. Wengi waliingia Kagunga kwa miguu au kwa mitumbwi. Katika wiki chache za Mei, zaidi ya watu 50,000 walikuwa wamekwama ufukweni wakisubiri kuondolewa, wakilala nje, wakinywa maji ya ziwa, na kujisaidia karibu na maji hayohayo. Katikati ya mwezi huo kipindupindu kilithibitishwa. Kufikia tarehe 22 Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, vikiwamo vya raia wawili wa Tanzania. Wagonjwa wapya walikuwa kati ya 300 na 400 kwa siku.

Tukio hilo lingali na funzo kwa kila mhudumu wa afya anayefanya kazi katika zahanati iliyo mbali na hospitali, na kwa kila mwananchi anayeishi kando ya ziwa. Kipindupindu ni ugonjwa unaotibika kwa maji, chumvi na sukari. Mgonjwa anapokufa kwa ugonjwa huu, mara nyingi kilichokosekana ni muda, na muda huo hupotea pale ambapo taarifa imechelewa: mgonjwa hakujua kwamba anapaswa kunywa mara moja, mhudumu hakukumbuka kipimo, au wilaya haikuarifiwa mapema.

Kwa nini Kagunga

Kipindupindu husababishwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, hasa wa kundi O1. Bakteria huyu huingia mwilini kwa njia ya maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Akifika kwenye utumbo mwembamba hutoa sumu inayozilazimisha chembehai za utumbo kumwaga chumvi, na maji hufuata chumvi. Utumbo wenyewe haujachanika wala kuoza, na ndiyo maana kinyesi huwa cha majimaji, cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, na kwa kawaida hakina damu. Mtu mzima aliyeathirika sana anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Dalili huanza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya maambukizi.

Watu wengi wanaoambukizwa hawaoneshi dalili zozote, au huharisha kidogo tu kisha wakapona. Hata hivyo, huendelea kutoa bakteria kwenye kinyesi kwa siku 1 hadi 10. Mtu mmoja mwenye afya njema kwa macho ya wenzake anaweza hivyo kuwa chanzo cha maambukizi kwa chombo kizima cha abiria.

Kagunga ilikusanya kila kinachohitajika ili ugonjwa usambae: watu wengi kwenye ukanda mwembamba wa mchanga, vyoo vichache mno, chanzo kimoja cha maji ambacho ndicho pia kilichopokea uchafu, na njia moja ya kutokea. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kagunga palikuwa na ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, na hapakuwa na maji salama ya kunywa.

Kuwaondoa watu hao kulitegemea vyombo vya majini. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilibeba watu wapatao 600 kwa safari moja. Kwa kuwa hapakuwa na gati, abiria walipelekwa kwa mitumbwi hadi ilipotia nanga. Kutoka hapo walifikishwa Kigoma, wakapokelewa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakasafirishwa kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Kila kituo katika safari hiyo kilikuwa pia kituo ambacho ugonjwa ungeweza kushuka. Hivyo huduma ililazimika kuwapo ufukweni, uwanjani na kambini kwa wakati mmoja.

Goma na Bangaon

Uzito wa yaliyofanyika Kagunga unaeleweka vizuri zaidi yanapolinganishwa na Goma. Mnamo Julai 1994, Wanyarwanda wapatao nusu milioni au zaidi waliingia Goma, mashariki ya Zaire ya wakati huo, kwa siku chache tu. Huko nako palikuwa na ziwa, Kivu, na ardhi ya mawe ya volkeno isiyochimbika vyoo kwa urahisi. Takriban watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na baadaye kuhara damu. Watu wa Goma walikuwa wengi zaidi na wasaidizi walizidiwa. Lakini uchunguzi wa baadaye ulionesha pia kwamba tiba ya maji ilitolewa polepole mno na kwa kiasi pungufu.

Mfano wa pili ulitangulia. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa akihudumia wakimbizi wenye kipindupindu huko Bangaon, India. Dripu zilipokaribia kwisha, aliamua kuwapa wagonjwa maji ya kunywa yaliyochanganywa na chumvi na glukosi, na ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha. Vifo ambavyo vilikuwa karibu asilimia 30 ya wagonjwa vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Tiba tunayoiita leo ORS ilijithibitisha kambini, mikononi mwa akina mama na ndugu waliooneshwa la kufanya.

Kagunga, vifo 31 kati ya wagonjwa wapatao 3,000 ni sawa na asilimia moja hivi. Kiwango kinachokusudiwa kimataifa ni chini ya asilimia moja. Bila tiba, nusu ya wagonjwa wenye hali mbaya wanaweza kufariki. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo thamani ya mhudumu anayejua la kufanya na mwenye vifaa vya kulifanyia.

Taarifa ya kwanza: ile inayopaswa kuwa kichwani

Mgonjwa wa kipindupindu anapofikishwa zahanati usiku, hakuna muda wa kupekua kitabu. Mambo yafuatayo yanapaswa kujulikana kwa moyo.

Kwanza ni kumtambua mgonjwa. Mahali ambapo mlipuko haujatangazwa, mtu yeyote mwenye umri wa miaka 2 au zaidi aliyeharisha majimaji ghafla na kuishiwa maji kwa kiwango kikubwa, au aliyefariki kwa kuhara kwa namna hiyo, ashukiwe kuwa na kipindupindu. Mlipuko ukishatangazwa, kila anayeharisha majimaji ghafla ahesabiwe kuwa mshukiwa, bila kujali umri.

Pili ni kupima upungufu wa maji mwilini. Macho yaliyozama, kiu kali, wasiwasi na ngozi inayorudi polepole ikifinywa ni dalili za upungufu wa kati. Mgonjwa aliyelegea au kupoteza fahamu, asiyeweza kunywa, mwenye mapigo hafifu ya moyo, na ambaye ngozi yake huchukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, ana upungufu mkubwa. Huyo ni wa dripu mara moja.

Tatu ni kipimo cha tiba. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa apewe kwa mshipa mililita 100 za maji ya Ringer kwa kila kilo ya uzito. Kwa aliyetimiza mwaka mmoja na kuendelea, mililita 30 kwa kilo ziingie ndani ya dakika 30, na 70 zilizobaki ndani ya saa 2 na nusu. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mililita 30 kwa kilo ziingie ndani ya saa 1, na 70 ndani ya saa 5. Mtu mzima wa kilo 50 anahitaji hivyo lita 5 ndani ya saa 3, na lita moja na nusu kati ya hizo ndani ya nusu saa ya kwanza. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kuifungulia dripu moja idondoke taratibu kama ya mgonjwa wa malaria. Mara tu mgonjwa anapoweza kunywa, aanze ORS hata kabla dripu haijaisha.

Mwenye upungufu wa kati apewe ORS mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4, kisha apimwe upya. Akitapika, asubiri dakika 10, kisha aendelee kwa kunywa kidogo kidogo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu maji mengi ya haraka yanaweza kuuelemea moyo wake. Mwongozo wa utapiamlo ufuatwe.

Nne ni dawa nyingine. Antibayotiki hupunguza muda wa kuhara lakini haichukui nafasi ya maji. Doksisaiklini miligramu 300, dozi moja, hutumika kwa watu wazima pale ambapo bakteria hajaonesha usugu dhidi yake. Usugu huo hujulikana kwa vipimo vya maabara. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apewe zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa.

Tano ni kuulinda mlango. Maji ya klorini ya asilimia 0.05 ni ya kunawia mikono. Ya asilimia 0.2 ni ya sakafu na vitanda; ya asilimia 2 ni ya matapishi, kinyesi na miili ya marehemu. Namba hizi ziandikwe kwa herufi kubwa mahali zinapochanganyiwa, kwa sababu kuzikosea kunaunguza ngozi au kunaacha bakteria hai.

Taarifa ya pili: ile inayopaswa kupanda

Kipindupindu ni miongoni mwa magonjwa yanayotakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24. Mhudumu hasubiri wagonjwa kumi, wala hasubiri majibu ya maabara. Mgonjwa mmoja anayeshukiwa anatosha kumpigia simu Mganga Mkuu wa Wilaya au mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa, na taarifa hiyo ikapanda hadi mkoa na Wizara. Kwa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika mwaka 2007, nchi inapaswa kulipima tukio la kipindupindu na kuliarifu Shirika la Afya Duniani likikidhi vigezo. Mlolongo mzima huo huanzia kwenye daftari la zahanati.

Taarifa nzuri ni fupi na kamili: umri, jinsia, kijiji na kitongoji, siku dalili zilipoanza, mahali mgonjwa alikosafiri, chanzo cha maji anayotumia, hali yake na tiba aliyopewa. Kwa ufuko wa Tanganyika swali la safari lina uzito wa pekee. Wavuvi huhama kwa kufuata samaki, na wafanyabiashara huvuka kati ya Kigoma, Uvira, Kalemie na Bujumbura. Jina la mwalo ambako mgonjwa alilala juzi linaweza kuwa na maana kuliko jina la kijiji alichozaliwa.

Sampuli ya kinyesi ichukuliwe kabla ya antibiotiki na isafirishwe kwenye kitunzio cha Cary-Blair. Kipimo cha haraka kikionesha kipindupindu ni kengele ya hatari. Uthibitisho hutolewa na maabara kwa kuotesha bakteria. Tiba haisubiri kimojawapo.

Thamani ya kuuliza safari ilijulikana tangu kale. Katika karne ya 19, James Christie, daktari Mwingereza aliyehudumu Zanzibar, aliwahoji wafanyabiashara, wenye misafara na mabaharia juu ya kipindupindu cha mwaka 1869. Kwa majibu yao alionesha kwamba ugonjwa ule ulifika pwani kupitia bara, kwa njia za misafara zilizoshuka hadi Pangani, kisha ukaingia Zanzibar na kuenea kwa misafara na majahazi. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876. Ujiji, mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, ilikuwa sehemu ya mtandao huohuo. Vyombo vya usafiri vimebadilika. Ugonjwa bado hufuata watu wanakokwenda.

Taarifa ya tatu: ile inayopaswa kushuka

Daktari au tabibu aliye pembezoni naye ana haki ya kupata maarifa mapya. Miongozo hubadilika. Chanjo ya matone ya kunywa ni mfano ulio wazi. Akiba ya kimataifa ya chanjo hiyo ilianzishwa mwaka 2013. Juni 2015 ilitumika katika kambi ya Nyarugusu, kwa mpango wa dozi mbili. Oktoba 2022, kutokana na uhaba uliosababishwa na milipuko mingi duniani, waratibu wa akiba hiyo waliamua kutumia dozi moja wakati wa mlipuko. Mhudumu aliyesoma mwongozo wa 2015 pekee angewapa wananchi maelezo yaliyopitwa na wakati.

Vyanzo vya kutegemewa vipo, na vingi havina malipo. Mwongozo wa Taifa wa Tiba hutolewa na Wizara ya Afya pamoja na orodha ya dawa muhimu. Shirika la Afya Duniani huchapisha taarifa za milipuko ya magonjwa, na Kikosi Kazi cha Kimataifa cha Kudhibiti Kipindupindu hutoa miongozo ya vituo vya tiba, maabara na maji. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu huchapisha utafiti uliofanyika nchini. Mpango wa HINARI, ulioanza mwaka 2002, huwezesha vyuo na hospitali za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya kitabibu bila gharama kubwa. Nakala chache zilizochapwa na kubandikwa ukutani zina faida kuliko maktaba nzima iliyo kwenye intaneti isiyoshika.

Mhudumu pia ajue mipaka ya anachokitambua. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, na Kongo imepata milipuko kadhaa ya Ebola. Magonjwa hayo nayo huweza kuleta kuhara na kutapika. Homa kali, kutokwa damu, vifo vya watu wa nyumba moja au vya wahudumu ni sababu ya kumtenga mgonjwa, kuvaa kinga kamili na kutoa taarifa papo hapo kabla ya kuendelea.

Taarifa inayomfikia mgonjwa

Yote yaliyotangulia hayatafaa kitu ikiwa mgonjwa atafika amechelewa. Mkoani Kigoma kuna nyenzo ambayo haimo kwenye orodha ya vifaa: Kiha cha wenyeji na Kirundi cha wakimbizi ni lugha zinazosikilizana. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezungumza Kiha anaweza kueleweka na mama aliyefika jana kutoka Makamba. Redio nazo husaidia. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995, imekuwa ikiwatangazia wakimbizi na wenyeji wa ukanda huu.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi, na uwe wa kutendeka. Anayeharisha majimaji aanze kunywa ORS nyumbani na aendelee kunywa njiani kuelekea zahanati. Pakiti moja ichanganywe na lita moja ya maji salama, na itumike ndani ya saa 24. Isipopatikana, lita moja ya maji salama itiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru. Maji ya ziwa yasinywewe kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa ya klorini, hata kama yanang'aa na kuonekana hadi chini. Chakula kiliwe kikiwa cha moto. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kula.

Mazishi yanahitaji hekima. Familia inayoagizwa tu kwamba marehemu hatoguswa inaweza kumficha mgonjwa anayefuata. Inafaa imamu, mchungaji au mzee wa ukoo ashirikishwe, mwili uoshwe na waliofundishwa kwa maji ya klorini, na chakula cha pamoja msibani kiahirishwe. Mgonjwa aliyepona naye asinyanyapaliwe. Mwenye swali anaweza kupiga simu ya bure 199 ya Wizara ya Afya.

Hitimisho

Agosti 2015, wiki chache baada ya hali ya Kagunga kutulia, kipindupindu kilianza Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi ya nchi. Kabla hakijadhibitiwa, wagonjwa walizidi 20,000. Ukanda wa Maziwa Makuu umekuwa na ugonjwa huu kwa miongo kadhaa, na suluhisho lake la kudumu ni maji safi na vyoo. Hadi siku hiyo itakapofika kila mwalo, zahanati ya ufukweni itabaki kuwa mlango wa kwanza. Ikiwa na katoni za maji ya Ringer, pakiti za ORS, klorini, simu yenye salio, na mhudumu anayejua kwamba mtu wa kilo 50 anahitaji lita moja na nusu ndani ya nusu saa ya kwanza, wengi watakaofikishwa hapo wakiwa hai watarudi nyumbani kwa miguu yao.